Risasi za rivolva zenye nguvu: kuzikagua, kuzihifadhi, na la kufanya zinapogoma

Rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ikiwa nzuri, ya .357 au .44 Magnum (majina ya aina za risasi), na ikitunzwa, hudumu kuliko mwenyewe. Chuma chake hakichoki upesi, na mitambo yake ni michache kiasi kwamba mtu mwenye macho mazuri anaweza kuielewa yote kwa jioni moja. Kinachobadilika kila unapovuta triga ni risasi. Ndiyo maana bastola inapopasuka au silinda inapokwama, mara nyingi chanzo ukikitafuta utakikuta kwenye risasi: si ya bastola hiyo, imeharibika, au imejazwa na mtu asiyejua alichokuwa akifanya. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni, mwenye bastola halali, anayetaka kujua risasi zake kabla hazijamfundisha zenyewe.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno. Risasi kamili ina vitu vinne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba, fataki, kile kidude kidogo cha mviringo kwenye kitako kinachogongwa na pini, baruti iliyomo ndani, na kichwa, yaani kipande kinachoruka. Kila nitakaposema "kichwa" nina maana ya hicho kipande cha mbele peke yake.

Hatua ya kwanza: soma mtutu, kisha soma kitako cha ganda

Pembeni mwa mtutu pameandikwa aina ya risasi ambayo bastola imetengenezewa. Kwenye kitako cha ganda, kuzunguka fataki, pamepigwa muhuri wenye maandishi ya aina hiyohiyo. Viwili hivyo vilingane. Kuangalia sanduku peke yake hakutoshi, kwa sababu masanduku hubadilishwa, na watu wana tabia ya kumiminia risasi zilizobaki popote penye nafasi.

Kuna familia za risasi ambamo ndogo inaingia kwenye bastola ya kubwa, na hilo limekusudiwa. .38 Special ni ya mwisho wa karne ya 19; .357 Magnum ilitoka mwaka 1935 ikiwa na ganda refu zaidi kwa karibu milimita tatu na nusu, lakini kipenyo kilekile. Urefu huo uliongezwa makusudi ili risasi mpya isiingie kwenye rivolva za zamani. Ukitazama shinikizo utaelewa walichokiogopa. Kwa viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926, .38 Special ya kawaida haipaswi kuvuka pauni 17,000 kwa inchi ya mraba. .357 Magnum inaruhusiwa hadi 35,000, mara mbili na zaidi.

Hali ni hiyohiyo kwa .44 Special, yenye kikomo cha 15,500, na .44 Magnum ya mwaka 1955, yenye 36,000. Elmer Keith, mwandishi na mfugaji wa Idaho, alikuwa amewasukuma watengenezaji kwa miaka mingi waongeze nguvu ya .44, na hatimaye walikubali. Kisha kuna familia ya .45 Colt. Hapo tofauti inatisha: .45 Colt ina kikomo cha 14,000, ilhali .454 Casull, ndugu yake mrefu, ina 65,000. .500 S&W Magnum ya mwaka 2003 haina ndugu mdogo wa karne iliyopita wa kuchanganyikiwa naye, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kanuni yenyewe basi: fupi ndani ya bastola ya ndefu, sawa; ndefu ndani ya bastola ya fupi, hapana, hata kama kwa bahati mbaya tundu la silinda ya kale limechongwa vibaya na inaingia. Risasi ikiingia haimaanishi kwamba bastola itaihimili.

Angalia pia maandishi madogo. Alama ya +P kwenye .38 Special ina maana kwamba shinikizo limepandishwa hadi 20,000, na rivolva nyingi za zamani hazikuundwa kwa hilo. Baadhi ya rivolva nyepesi sana za .357 zimeandikwa kwenye mtutu zisitumie kichwa chepesi kuliko greni 120 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Maandishi hayo hayakuwekwa kwa urembo.

Hatua ya pili: shika kila risasi moja moja

Hapa ndipo watu wengi huona wanapotezewa muda, na hapa ndipo muda unapolipa. Tandika kitambaa cheupe mezani penye mwanga mzuri, bastola ikiwa mbali, imefungiwa. Mimina risasi, kisha ichukue kila moja na uizungushe kwa vidole.

Anza na kitako. Pitisha ncha ya kidole juu ya fataki: inapaswa kuwa sambamba na kitako au kuzama kidogo tu. Ukihisi kimejitokeza kama kipele, itenge. Kwenye rivolva, fataki iliyoinuka hukwaruza bamba la nyuma na kuzuia silinda kuzunguka. Mbaya zaidi, ndicho kitu cha kwanza kugongwa iwapo risasi itaanguka. Fataki iliyoingia upande, iliyobonyea, au yenye alama ya kugongwa tayari, itenge pia.

Pandisha macho kwenye ganda. Mkwaruzo si neno. Ufa ni neno, hata ukiwa mwembamba kama unywele, na hupenda kuanzia mdomoni mwa ganda, pale linapokishika kichwa. Mbonyeo mdogo wa pembeni si kitu, lakini wenye kona kali utenge. Shaba iliyofifia na kuwa ya kahawia haijaharibika. Shaba yenye unga wa kijani imeanza kuliwa. Ukiifuta kijani kikabaki shimo, risasi hiyo imekwisha.

Malizia na kichwa. Panga risasi za sanduku moja zikiwa zimesimama, halafu inama macho yako yawe sawa na meza. Vichwa vyote viwe na kimo kimoja. Kilichozama kuliko wenzake kimebana nafasi ya baruti, na nafasi ikipungua shinikizo hupanda. Kilichochomoza zaidi hakijashikwa vizuri. Jaribu kukisukuma kwa dole gumba: kikicheza hata kidogo, usiipige risasi hiyo.

Wenye bastola za magazini, kama zile za 10mm Auto, wana jambo lao la ziada. Risasi moja ikipakiwa na kutolewa kwenye chemba, yaani tundu inamokaa ikisubiri kupigwa, kila siku, kila safari kichwa chake hugonga njia ya kuingilia na kusogea nyuma kidogo kidogo ndani ya ganda. Baada ya muda imekuwa fupi kuliko zilizobaki, na hiyo hiyo ndiyo ambayo mwenyewe anaitegemea iwe ya kwanza. Ilinganishe na mpya kutoka sandukuni. Ikiwa fupi, itenge.

Kuhusu risasi zilizojazwa upya

Katika nchi kadhaa kujaza maganda upya nyumbani ni burudani halali. Katika nyingine ni kosa la jinai, na hakuna ujanja wa kulizunguka. Lakini hata pale inaporuhusiwa, ushauri wangu ni mmoja: usipige risasi iliyojazwa na mtu mwingine, hata akiwa rafiki yako wa kufa na kuzikana. Watengenezaji wengi wa bastola huandika kwenye vitabu vyao kwamba risasi za namna hiyo zinafuta dhamana, na wana sababu.

Ganda la .38 Special au .45 Colt ni kubwa kwa sababu liliundwa enzi za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi. Baruti ya kisasa inachukua sehemu ndogo tu ya ganda hilo. Kwa hiyo mtu aliyekatizwa na simu anaweza kujaza ganda mara mbili, na likifungwa kichwa juu yake hutaona tofauti yoyote kwa nje. Anaweza pia kulisahau ganda lisipate baruti kabisa, na hilo lina balaa lake ambalo nitalifikia. Ukaguzi wa mezani niliouelezea hauwezi kuyaona makosa haya mawili. Unachokuwa umekiamini hapo ni umakini wa mtu mwingine siku ambayo wewe hukuwepo.

Ukikuta risasi zimo kwenye mfuko wa plastiki, au sandukuni mna mihuri ya viwanda mbalimbali, zihesabu kuwa zimejazwa upya hata kama muuzaji anaapa.

Hatua ya tatu: mahali pa kuzihifadhi

Adui ni wawili, unyevu na joto linalopanda na kushuka. Kabati la chumba cha kulala ni bora kuliko stoo ya nje, na gari lililoachwa juani ni mahali pabaya kuliko pote. Ziache kwenye sanduku lake la asili, ambalo linabeba jina, uzito wa kichwa na namba ya toleo. Kiwanda kikitangaza kwamba toleo fulani lina kasoro, namba hiyo ndiyo itakayokuambia kama yako imo. Sanduku liingie ndani ya kasha la chuma au plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.

Mikanda na mifuko ya ngozi inapendeza, ila kemikali zilizotumika kulainishia ngozi hula shaba. Ndiyo chanzo cha ule unga wa kijani. Beba risasi kwenye ngozi siku ya kwenda kupiga, ukirudi zitoe.

Usipake risasi mafuta. Wapo wanaodhani wanazikinga na kutu kwa kuzipulizia mafuta mepesi ya kulegeza skrubu, na mafuta hayo yameundwa kupenya mahali pembamba. Yakipenya kando ya fataki, siku ukiihitaji risasi utasikia "tik" tu. Kitambaa kikavu kinatosha.

Funga risasi kwa ufunguo, mahali tofauti na bastola, na ufunguo wenyewe usiwe kwenye droo ambayo kila mtoto wa nyumbani anaijua.

Watu huuliza nyumba ikiungua itakuwaje. Risasi iliyo nje ya bastola haina mtutu wa kuizuia, kwa hiyo ganda hupasuka na vipande vyake, hasa fataki, huruka kwa kasi kuliko kichwa kizito. Vinaweza kuumiza jicho au kuchana ngozi, lakini si sawa na kupigwa risasi. Bastola iliyotiwa risasi ikiwa ndani ya moto ni habari nyingine: itafyatuka kama kawaida kuelekea popote mtutu ulipolala. Hiyo ni sababu nyingine ya kuihifadhi ikiwa tupu.

Hatua ya nne: uwanjani, kabla na wakati wa kupiga

Linda masikio kwa vizuizi viwili, vya ndani na vya juu. Mlio wa .357 hupita desibeli 160, na madhara ya kudumu kwa sauti za ghafla huanza kuhofiwa kwenye 140. Ukiwa chini ya paa mlio unarudi tena kwako. Miwani ya kukinga macho haina mjadala.

Kisha mkono wa pili. Kati ya silinda na mtutu wa rivolva kuna mwanya mwembamba, na kila ukipiga, gesi ya moto huchomoka humo kwa pembeni. Kwenye .38 utapata masizi. Kwenye .460 au .500 unaweza kukatwa kidole. Waliozoea bastola za magazini hupenda kuusogeza mkono wa kushoto mbele. Kwenye rivolva vidole vyote vikae nyuma ya mwanya huo.

Rivolva nyepesi yenye risasi nzito ina hila yake. Inaporuka nyuma kwa nguvu, risasi ambazo bado hazijapigwa zinavutwa nyuma pamoja na silinda huku vichwa vyake vikitaka kubaki palepale. Visiposhikwa vizuri na ganda, vinachomoza mbele kidogo kila mlio, hadi kimoja kinatokeza nje ya silinda na kuikwamisha isizunguke. Ukipata aina mpya ya risasi ifanyie jaribio hili: chagua moja, pima urefu wake kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo), iweke alama ya kalamu ya wino, itie pamoja na nyingine tano. Piga hizo tano, fungua silinda, toa ile yenye alama upime tena. Imerefuka? Aina hiyo haifai kwa bastola yako. Inaweza kufaa kabisa kwenye bastola nzito ya jirani yako, wala hapo hakuna ajabu.

Hatua ya tano: umevuta triga, kimya

Kidole toka kwenye triga, mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30. Mara nyingi fataki imekufa tu na hakuna kitakachotokea. Mara chache sana moto unakuwa umeanza polepole na risasi inalipuka baada ya kuchelewa.

Mwenye bastola ya magazini aliyezoezwa kuipiga kofi magazini na kuvuta slaidi upya anahitaji kujizuia hapa. Mwenye rivolva ana kishawishi kibaya zaidi, cha kuvuta triga tena. Ukivuta, silinda inazunguka na kuipeleka ile risasi inayochelewa pembeni, mahali ambapo mbele yake hakuna mtutu. Ikilipukia hapo, kichwa kitagonga fremu ya bastola yenyewe. Kwa hiyo subiri. Sekunde zikiisha, fungua silinda mtutu ukiwa bado mbele, uso wako ukiwa pembeni, uitoe.

Itazame fataki. Alama ya pini ikiwa hafifu, tatizo linaweza kuwa la bastola: springi ya nyundo imelegezwa, au uchafu umezuia pini. Alama ikiwa ya kina kizuri, risasi ndiyo mbovu.

Hatua ya sita: sauti ndogo isiyo ya kawaida

Hii ndiyo inayoharibu bastola. Unavuta triga, unasikia "pof" badala ya mlio, mkono hausukumwi, labda moshi kidogo unatokea kwenye mwanya. Maana yake ni kwamba fataki imewaka bila baruti au kwa baruti chache mno, na kichwa kimesukumwa mtutuni kikabaki humo. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au kupasuka.

Acha papo hapo. Kama kuna mtu anapiga kwa haraka na ukaisikia sauti hiyo kutoka kwake, mpigie kelele asimame, hatakasirika akishajua. Fungua silinda, toa risasi zote, hakikisha kwa macho kwamba hakuna iliyobaki, ndipo uangalie mtutu kwa kupitisha mwanga kutokea nyuma. Usipouona mwanga upande wa pili, kuna kitu ndani.

Wakati mwingine silinda hukataa kufunguka kabisa, kwa kuwa kichwa kimeishia nusu ndani ya silinda na nusu mtutuni. Usiilazimishe wala usiigonge, maana bado ina risasi nyingine hai ndani. Iache imeelekea mahali salama, umwite msimamizi wa uwanja. Kilichonasa ndani hutolewa na fundi wa bunduki, kwa fimbo ya shaba laini inayoingizwa kupitia mdomo wa mtutu, bastola ikiwa tupu. Fimbo ya chuma inakwaruza mistari ya ndani ya mtutu. Na wapo waliojaribu kukitoa kwa kukipiga risasi nyingine. Bastola zao mafundi huziweka ukutani kama vielelezo.

Hatua ya saba: soma maganda yaliyotumika

Usiyamwage kwenye ndoo bila kuyatazama. Maganda ya risasi nzuri hutoka kwa kusukumwa kidogo na dole gumba. Yakigoma hadi upige kwa kiganja, ama chemba ni chafu, ama shinikizo ni kubwa mno. Safisha chemba ujaribu tena. Yakiendelea kugoma, acha sanduku hilo. Fataki iliyotandazwa ikajaza tundu lake hadi ukingoni, au yenye tundu katikati, inasema hivyohivyo. Ganda lililopasuka kwa urefu likiwa moja, inatokea. Yakiwa mawili matatu kutoka sanduku moja, andika namba ya toleo uwasiliane na kiwanda.

Hatua ya nane: usafi

Ukipiga .38 nyingi kwenye rivolva ya .357, ganda fupi huacha pete ya masizi magumu ndani ya kila chemba, mahali ambapo mdomo wake huishia. Ukija kutia .357 ndefu unakuta haziingii hadi mwisho, au zinaingia na kugoma kutoka. Brashi ya shaba yenye kipenyo kikubwa kidogo, dawa ya kusafishia, na subira ya dakika kadhaa ili dawa ilainishe, vinaondoa pete hiyo. Chini ya ile nyota ya kutolea maganda pia papigwe mswaki mkavu. Chembe moja ya baruti isiyoungua ikikaa pale, silinda haifungi.

Moshi wa fataki na vichwa vya risasi visivyofunikwa vina madini ya risasi, yaani ledi, ambayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujala, kunywa au kumshika mtoto. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Usifanye usafi wa bastola kwenye meza ya chakula.

Zile ulizozitenga

Hesabu risasi mbovu, zitie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, andika juu yake "mbovu, zisipigwe". Usizitupe kwenye takataka, usizichimbie, usizichome, na usijaribu kuzifumua kwa koleo ili "kuokoa" baruti. Viwanja vingi vya shabaha vina kontena maalumu la kuzipokea. Kama chako hakina, piga simu kituo cha polisi kwanza uulize namna ya kuzikabidhi. Usijitokeze tu mlangoni na chupa ya risasi mkononi.